Jinsi ya Kupanga Anwani kwa Kategoria Katika Programu ya Barua Pepe

Kitabu cha anwani katika programu ya barua pepe hujijaza chenyewe. Unamwandikia mtu mara moja, anwani yake inabaki. Unanunua simu mpya, namba zote za zamani zinakufuata. Unapewa akaunti ya kazini, nayo inakuja na orodha yake. Baada ya miaka michache unajikuta na mamia ya majina yaliyopangwa kwa alfabeti, mpango unaofaa pale tu unapolikumbuka jina. Mara nyingi, hata hivyo, tunachokumbuka si jina. Tunakumbuka kwamba kuna fundi aliyewahi kututengenezea mashine ya kuchapia, au tunataka kuwaandikia wajumbe wote wa kamati bila kumsahau hata mmoja. Alfabeti haisaidii chochote hapo, na ndipo kategoria inapohitajika.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga anwani kwa kategoria katika Outlook, katika huduma ya anwani ya Google inayotumiwa na Gmail, na kwa kifupi katika Thunderbird na vifaa vya Apple. Vitufe vyenyewe si vigumu, na mtu yeyote anaweza kuvijua kwa muda mfupi. Kinachowashinda wengi ni kuamua kategoria ziwe zipi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maamuzi yanayofanywa kabla ya kubofya kitu chochote. Ili tusichanganyane, humu nitatumia neno kadi kwa maana ya taarifa zote za mtu mmoja, yaani jina, namba za simu, anwani zake za barua pepe na maelezo mengine yanayokaa pamoja naye.

Folda, kategoria na orodha ya kutumia

Programu nyingi hutoa njia tatu za kukusanya kadi pamoja, na watumiaji wengi huzichanganya kwa sababu zote huonekana kama makundi.

Njia ya kwanza ni folda, au kitabu cha anwani kilicho tofauti na kile kikuu. Kadi iliyowekwa kwenye folda hukaa humo tu. Mtu akiwa mteja wako na wakati huohuo ni mjumbe mwenzako wa kamati, itakubidi uchague folda moja au unakili kadi yake kwenye folda zote mbili. Kunakili ndiko kunakoleta matatizo, kwa kuwa siku mtu huyo atakapobadilisha namba ya simu utarekebisha nakala moja na kuisahau nyingine, na miezi kadhaa baadaye hutajua ni ipi iliyo sahihi. Folda zinafaa pale ambapo makundi hayaingiliani kabisa, kwa mfano unapotaka anwani za kazini zisichanganyike hata kidogo na za nyumbani.

Njia ya pili ni kategoria, ambayo Google huiita lebo. Hii ni alama inayobandikwa juu ya kadi. Kadi inabaki moja, mahali palepale, lakini inaweza kubeba alama mbili, tatu au zaidi, na ukiiondoa alama mojawapo kadi yenyewe haiguswi. Kwa mtu ambaye mahusiano yake na watu yanaingiliana, na ni nani ambaye yake hayaingiliani, hii ndiyo njia bora.

Njia ya tatu ni orodha ya kutumia, yaani ya kuwatumia watu barua kwa pamoja: jina moja linalosimama badala ya anwani nyingi. Ukiandika jina la orodha hiyo kwenye sehemu ya mpokeaji, barua inakwenda kwa wote waliomo. Katika Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani, ile inayosakinishwa kwenye kompyuta pamoja na Word na Excel, orodha ya namna hii hutunza nakala yake ya anwani ya kila mwanachama. Ukibadilisha anwani kwenye kadi ya mtu, orodha haibadiliki yenyewe hadi uifungue na kubofya kitufe cha kusasisha. Barua kurudi na ujumbe kwamba mpokeaji hapatikani kunaweza kutokana na jambo hili dogo: mwenye orodha ana hakika amesharekebisha anwani, na kweli amerekebisha, ila si ndani ya orodha.

Kwa hiyo anza na kategoria, kisha uongeze orodha ya kutumia kwa yale makundi machache unayoyaandikia mara kwa mara. Folda ziache mpaka ulazimike.

Kuamua kategoria

Kosa linalojitokeza zaidi ni kuweka kategoria zinazoeleza mtu ni nani, badala ya zile zinazojibu swali utakalokuwa nalo siku utakapomtafuta. Ukijiuliza "huyu ni nani?", utapata majibu kumi: ni mhasibu, ni mwanamke, ni jirani, tulisoma pamoja, anajua kompyuta. Ukijiuliza "nitamtafuta lini, na nitakuwa nataka nini?", majibu yanapungua hadi mawili au moja. Mhasibu ambaye hutawahi kumtafuta kwa ajili ya uhasibu hahitaji kategoria ya uhasibu. Kama unamwandikia tu wakati wa mikutano ya chama, basi kategoria yake ni chama.

Chukua karatasi na uandike barua ulizotuma kwa zaidi ya mtu mmoja katika miezi michache iliyopita. Kila kundi ulilolazimika kulikusanya kwa mkono, ukiandika jina moja baada ya jingine huku ukihofia kumwacha mtu, linastahili kategoria. Kisha andika mara ulizotafuta mtu bila kukumbuka jina lake: fundi, daktari wa meno, msambazaji wa karatasi, mtu wa benki. Hao wanaweza kukusanywa katika kategoria moja ya watoa huduma, na shughuli hasa ya kila mmoja ikaandikwa kwenye sehemu ya cheo au ya maelezo ndani ya kadi, ambako kisanduku cha kutafutia kitaiona. Hakuna haja ya kuwa na kategoria ya mafundi bomba yenye mtu mmoja.

Karatasi hiyo ikikupa kategoria nane au kumi, zinatosha. Orodha ikiwa ndefu mno utashindwa kukumbuka kilichomo, na hapo ndipo mtu huanza kutunga kategoria mpya inayofanana na ile ya zamani kwa sababu hakukumbuka kwamba ipo.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Amua mapema kama utaandika kwa umoja au kwa wingi, na ushikilie uamuzi huo, kwa kuwa kwa kompyuta Mteja na Wateja ni kategoria mbili zisizojuana. Kwa kuwa programu hupanga kategoria kwa alfabeti, majina yanayohusiana yakianza na neno moja yatakaa pamoja: Chama – kamati, Chama – wanachama, Chama – wafadhili. Kategoria ya shughuli yenye mwisho, kama vile mkutano au mradi, ipewe mwaka wake, mfano Mkutano 2025. Vinginevyo mwaka unaofuata utawachanganya waalikwa wa mwaka huu na wa jana. Epuka pia kategoria yenye jina Wengine au Mchanganyiko. Kadi isiyo na kategoria tayari ni ya wengine, na si lazima kila kadi iwe na alama.

Jambo moja zaidi kuhusu majina: usiandike kwenye kategoria neno ambalo usingependa mhusika alione. Wapo wanaoweka kategoria kama Wasumbufu au Wadeni wabaya wakiamini kwamba ni siri yao. Lakini kitabu cha anwani huhamishwa, hushirikishwa na wenzako kazini, huonekana kwenye skrini wakati wa kuwasilisha mada, na kadi ya mtu inaweza kutumwa kwa mtu mwingine ikiwa na alama zake. Andika Malipo yanayosubiriwa, na kazi itafanyika vilevile.

Usafi kabla ya mpangilio

Ukianza kuweka alama wakati kitabu kina kadi mbilimbili, utaiwekea alama kadi moja na kuiacha pacha wake, na kategoria itakuwa na pengo usilolijua. Kwa hiyo unganisha kwanza kadi zinazorudiwa. Huduma ya Google ina ukurasa maalumu unaotafuta kadi zinazofanana na kupendekeza ziunganishwe. Pitia mapendekezo hayo moja moja badala ya kuyakubali yote kwa mkupuo, kwa sababu watu wawili wenye jina moja wapo, na baba na mwana wanaotumia anwani moja ya barua pepe pia wapo. Ukikosea, Google hukuruhusu kurudisha kitabu chote cha anwani katika hali kiliyokuwa nayo hadi siku 30 zilizopita.

Kwa programu nyingine, tengeneza nakala rudufu kabla ya kuanza. Toa anwani zote kwenye faili la CSV (jedwali la kawaida) au la vCard (muundo wa kuhifadhia kadi za anwani), lipe jina lenye tarehe, na ulihifadhi mahali ambapo hutalifuta kwa bahati mbaya. Ni kazi ya dakika chache.

Katika Outlook

Fungua sehemu ya watu. Katika Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani njia ya mkato ni Ctrl + 3. Chagua kadi unazotaka ziwe katika kategoria moja: shikilia Ctrl huku ukibofya kadi moja moja, au Shift ukitaka zinazofuatana. Kwenye utepe wa juu, katika kichupo cha kwanza cha shughuli, utaona kitufe chenye miraba midogo minne ya rangi. Ukikibofya utaona kategoria zilizopo, ambazo mwanzoni huwa na majina ya rangi tu, na chini kabisa kuna chaguo la kuona kategoria zote. Ingia humo. Ndimo unamotengeneza kategoria mpya, unamobadilisha jina la zile za rangi na unamochagua njia ya mkato ya kibodi. Njia za mkato zinazotolewa ni kuanzia Ctrl + F2 hadi Ctrl + F12, yaani kategoria 11 zinaweza kuwa na kitufe chake. Zipe zile unazozitumia kila siku.

Rangi zilizopo ni 25. Kategoria zinaweza kuzidi idadi hiyo, ila rangi zitaanza kujirudia. Kwa maoni yangu rangi isitegemewe sana: jina ndilo linalobeba maana, na si kila jicho hutofautisha nyekundu na kijani. Tumia rangi chache zinazotofautiana waziwazi kwa kategoria zilizo muhimu, na nyingine uzipe rangi yoyote.

Kumbuka kwamba orodha ya kategoria katika Outlook ni moja kwa barua, kalenda, kazi na anwani. Kategoria ya Mkutano 2025 unayoiweka kwenye kadi za waalikwa ndiyo hiyohiyo unayoweza kuiweka kwenye barua zao na kwenye tarehe za kalenda. Ukiitumia vizuri ni faida kubwa, kwa kuwa rangi moja inakuonyesha kila kitu kinachohusu shughuli ile. Lakini kama tayari unatumia kategoria kwenye barua kwa maana nyingine, tuseme Haraka au Inasubiri jibu, zitaonekana pia unapopanga watu, na itakubidi uchague majina yasiyogongana.

Baada ya kuweka alama, badilisha mwonekano wa ukurasa kutoka kadi hadi orodha, kisha uipange kwa kategoria. Kila kategoria itaonekana na kichwa chake, na chini yake watu waliomo. Hapa kuna mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mtu mwenye kategoria mbili ataonekana mara mbili, chini ya kila kichwa, na anayetazama kwa haraka hudhani kuna kadi inayojirudia na kuifuta moja. Kadi ni ileile. Ukiifuta chini ya kichwa kimoja imefutika kote. Ukitaka kumtoa mtu katika kategoria, ondoa alama kwa kitufe kilekile cha rangi, usiguse kitufe cha kufuta.

Ukihitaji kumwandikia kila aliye katika kategoria, wachague wote katika mwonekano huo na ubofye kitufe cha kuandika barua kilicho kwenye utepe. Outlook itafungua barua mpya ikiwa na anwani zao zote katika sehemu ya mpokeaji, jambo ambalo nitalirudia hapo chini kwa sababu si mara zote ndilo unalolitaka. Kama kila mmoja anapaswa kupata barua yenye jina lake, tumia kitufe cha kuunganisha barua na uchague anwani zinazoonekana kwenye ukurasa wakati huo. Word itachukua kazi iliyobaki. Kwa njia hii, kuchuja ukurasa ubaki na kategoria moja kabla ya kubofya ndiko kunakoamua barua zitakwenda kwa nani, basi hesabu watu waliobaki kabla ya kuendelea.

Kufuta kategoria katika orodha kuu hakuiondoi kwenye kadi zilizokwisha kuwekewa alama hiyo. Itaendelea kuonekana humo, bila rangi, kama jina lisilo na mwenyewe. Ondoa kwanza alama kwenye kadi zote, kisha ufute kategoria. Outlook ya wavuti nayo ina kategoria pamoja na orodha za kutumia, ingawa vitufe vimepangwa tofauti. Mara nyingi kubofya jina la mtu kwa kitufe cha kulia cha kipanya kunatosha kuvifikia.

Katika anwani za Google

Fungua contacts.google.com ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Upande wa kushoto kuna orodha ya lebo na alama ya kujumlisha ya kutengenezea lebo mpya. Kuweka kadi kwenye lebo, peleka kipanya juu ya picha au herufi iliyo mbele ya jina la mtu. Herufi hiyo hugeuka kuwa kisanduku cha kutia tiki. Tia tiki kwa wote unaowahitaji, bofya alama ya lebo inayojitokeza juu ya orodha, chagua lebo moja au zaidi, kisha uthibitishe. Lebo zile zile zitaonekana pia kwenye programu ya anwani ya simu ya Android iliyounganishwa na akaunti hiyo.

Uzuri wa Google ni kwamba lebo hufanya pia kazi ya orodha ya kutumia. Katika Gmail, anza kuandika jina la lebo kwenye sehemu ya mpokeaji na utaiona ikijitokeza. Ukiichagua, watu wote waliomo wanaingia. Na kwa kuwa lebo imeshikamana na kadi, ukirekebisha anwani kwenye kadi umeirekebisha pia kwenye lebo. Angalia kidogo watu wenye anwani mbili, ya kazini na ya binafsi, uhakikishe kabla ya kutuma kwamba iliyoingia ndiyo unayoikusudia. Akaunti ya kawaida ya Gmail, kwa upande wake, haikuruhusu kuzidisha wapokeaji 500 katika barua moja, hivyo lebo ya wanachama wengi itabidi igawanywe.

Watu wengi hupotea kwa kudhani kwamba lebo za anwani na lebo za barua ndani ya Gmail ni kitu kimoja. Ni orodha mbili tofauti kabisa. Kumweka mtu kwenye lebo ya Wateja hakufanyi barua zake ziingie kwenye lebo ya Wateja ya kikasha. Kwa hilo unahitaji kichujio unachokitengeneza ndani ya Gmail. Tofauti na lebo za barua, ambazo unaweza kuziweka moja ndani ya nyingine, lebo za anwani zote ziko ngazi moja, na ndiyo sababu nilipendekeza majina yenye neno la kwanza linalofanana.

Unapofuta lebo, Google huuliza swali ambalo ni lazima ulisome: je, kadi zilizomo zibaki, au zifutwe pamoja na lebo? Anayetaka kuondoa lebo tu achague zibaki. Aliyekosea akafuta kadi ana siku 30 za kuzitoa kwenye tupio.

Kuna pia ukurasa wa anwani nyingine, ambamo Google hutunza watu uliowahi kuwasiliana nao bila kuwahifadhi mwenyewe. Upitie mara moja, uwahifadhi wale unaowahitaji na kuwapa lebo, na waliobaki waache walale humo.

Thunderbird na vifaa vya Apple

Katika Thunderbird kitabu cha anwani hufunguliwa kwa Ctrl + Shift + B. Unaweza kuwa na vitabu kadhaa, na ndani ya kila kitabu orodha za kutumia ambazo jina lake huandikwa kwenye sehemu ya mpokeaji. Lebo za rangi unazoziona kwenye programu hii ni za barua. Anayetaka kategoria halisi juu ya kadi anaweza kusakinisha kiongezi kiitwacho CardBook. Asiyependa viongezi atumie orodha.

Apple hutumia orodha, ambazo zamani ziliitwa makundi. Kwenye simu ya iPhone iliwezekana kuzitengeneza moja kwa moja kuanzia iOS 16, toleo la mfumo wa iPhone lililotoka mwaka 2022. Kabla ya hapo ilibidi kutumia kompyuta au wavuti. Kompyuta ya Mac ina pia orodha zinazojipanga zenyewe kwa kanuni unayoiandika, kwa mfano kila kadi ambayo sehemu ya kampuni ina neno fulani. Orodha ya namna hiyo haihitaji kutunzwa, mradi tu sehemu za kadi zijazwe kwa utaratibu mmoja. Ukifuta mtu ukiwa ndani ya orodha ya kawaida kwenye Mac, soma unachoulizwa: kumtoa kwenye orodha na kuifuta kadi yake ni mambo mawili.

Kutuma kwa kategoria bila kufichua anwani za watu

Sasa kwa kuwa kumwandikia kila mtu katika kundi kumekuwa rahisi, kukosea nako kumekuwa rahisi. Watu wanaojuana, kama wajumbe wa kamati moja, wanaweza kuwekwa kwenye sehemu ya mpokeaji na kila mmoja akaona wenzake. Wateja, wagonjwa, wazazi au wanachama wa kundi kubwa wasiwekwe hapo kamwe. Weka kategoria yao kwenye sehemu ya Bcc, yaani nakala ya siri, na kwenye sehemu ya mpokeaji uandike anwani yako mwenyewe. Hivyo hakuna anayeona anwani ya mwingine, na atakayebofya kitufe cha kuwajibu wote hatawaletea kelele watu mia mbili wasiohusika.

Kuhamisha kategoria kwenda programu nyingine

Kategoria ni taarifa, na taarifa hupotea njiani kama mtu hakuangalia. Muundo wa vCard una mahali maalumu pa kategoria tangu toleo la 3.0 la mwaka 1998, na toleo la 4.0 la mwaka 2011 limepahifadhi. Toleo la 2.1, ambalo bado hutolewa na programu kadhaa, halina. Kama unaweza kuchagua toleo unapotoa faili, chagua 3.0 au 4.0.

Faili la CSV ni jedwali la kawaida. Outlook huweka kategoria kwenye safu yake na kuzitenganisha kwa nukta mkato, ilhali Google hutenganisha lebo kwa nukta pacha tatu mfululizo. Ukitoka upande mmoja kwenda mwingine itakubidi ubadilishe alama hizo, kazi inayofanywa kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Safu hiyo inakupa pia njia ya haraka ya kuweka kategoria kwa mamia ya watu: panga jedwali kwa kampuni au kwa kikoa cha barua pepe (sehemu inayofuata alama ya @), jaza safu ya kategoria kwa mkupuo, kisha ulirudishe faili kwenye programu. Tahadhari ni moja tu, nayo ni nzito: Excel ikifungua faili la CSV hudhani namba za simu ni tarakimu za hesabu na kuondoa sufuri ya mwanzo. Ingiza faili kwa kuitaja safu ya simu kuwa ni maandishi, na usihifadhi chochote kabla ya kuikagua.

Kabla ya kuhamisha kitabu kizima, hamisha kadi moja yenye kategoria mbili na jina lenye herufi zisizo za kawaida. Ikifika salama upande wa pili, nyingine zitafika.

Utunzaji

Mpangilio huu hudumu kwa tabia moja: kategoria iwekwe siku kadi inapohifadhiwa. Anayesema atapanga mwisho wa mwezi atakuta majina asiyokumbuka aliyapata wapi. Kama huna muda wa kufikiri, andika kwenye sehemu ya maelezo ulikutana naye wapi na kwa shughuli gani. Maneno matano yatakusaidia kuamua baadaye.

Shughuli ikiisha, funga kategoria yake. Pitia waliomo, wale ambao utaendelea kuwahitaji waongezee kategoria ya kudumu kama Watoa huduma au Wateja, kisha uondoe alama ya shughuli kwenye kadi zote kabla ya kuifuta kwenye orodha kuu ya Outlook, au kwenye Google ufute lebo huku ukichagua kadi zibaki.